Azime Yeye Kwanza

Temeke,
Dar es Salaam.
23 Juni 1957

Mpendwa Kaka Bakari,

Shikamoo. Habari za huko Mombasa, na kile kifua chako kimepona? Wifi Mwanakombo na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila macho bado mekundu, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Barua yako ilifika. Uliniuliza shemeji yako Mwinjuma anasemaje juu ya lile bomu kubwa ambalo Waingereza wamelilipua huko baharini. Kaka, utadhani bomu ni la kwake! Barazani anasema kila serikali ianze na watu wake, wengine watajijua, na kisiwa chenyewe kiko mbali. Jirani yetu Kasiani, yule mchonga vinyago wa Newala, akamjibu kwamba sumu ya bomu hubebwa na upepo, na upepo hauulizi hapa kwa nani. Walibishana mpaka kahawa ikapoa.

Sasa sikia. Uchumba wa binti yetu Tunu umevunjika mara mbili, na Mwinjuma akashika kwamba ni husuda, tena ya Kasiani, kwa kuwa naye ana binti wa kuoza. Akaanza kuchoma pilipili kavu na chumvi kwenye kigae cha makaa, penye ua wa makuti unaotutenga, ili husuda irudi ilikotoka. Filomena, mke wa Kasiani, alikohoa siku mbili. Siku ya tatu Kasiani naye akawasha zake. Mume wangu akaongeza kigae cha pili, mwenzake akaleta karai. Kila mmoja anasema anajilinda tu. Sokoni pilipili zikaadimika.

Nikamwambia, "Baba Tunu, na sie tunavuta moshi huuhuu." Akasema upepo wa kusi unaupeleka kwa Kasiani. Mume akishajua mambo ya upepo, humwambii kitu.

Ijumaa baada ya sala wakaja washenga wa posa ya tatu, wazee watatu na kanzu zao za pasi, mkubwa wao Mzee Hija. Posa hii nayo ikiharibika, watu watasema Tunu ana nuksi, na nani atamposa tena? Hawajakaa vizuri, upepo ukageuka, ukawa unavuma huku na huku. Mzee Hija alianza, "Tumekuja kwenu kuomba," akamalizia kwa chafya. Wakakimbilia kwa Kasiani, kumbe kule ndiko kubaya zaidi. Mwisho tulikuwa wote barabarani tunalia, na msiba hakuna.

"Zimeni!" akasema Mzee Hija.

"Azime yeye kwanza," akasema mume wangu.

"Mie nikizima, huyu ataendelea," akasema Kasiani.

Wakasimama hivyo, macho wameyafumba kwa machozi, hata kuonana hawaonani. Nilishikwa na hasira, kaka, na aibu. Nikachukua ndoo ya maji ya kutawadhia, nikajifunika kanga usoni, nikaingia nikazima moto wetu wote. Filomena angeuacha wa kwao ukiwaka, Mwinjuma asingenisamehe maisha. Mara nikasikia ng'ambo ya ua, chwaa! Filomena naye amemwaga.

Tunu akawanawisha wazee nyuso, na jana wamerudi. Posa imekubaliwa! Mzee Hija anasema msichana aliyeustahimili moshi ule hashindwi na mume yeyote.

Kwa lile swali lako la bomu, mimi naona serikali iwalinde watu wake, lakini watu wake nao wanavuta hewa hiihii.

Harusi ni wiki moja baada ya Idi Kubwa. Wewe ndiye mjomba, usipokuja Tunu amesema hatoki chumbani.

Nisalimie Wifi Mwanakombo na wanangu wote. Mwenyezi Mungu akufikishe kwetu salama, na kifua akiponye kabisa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Somoe

Tena: Mwinjuma aliniapia kwamba pilipili zimekwisha. Leo nafagia chini ya kitanda, nimekuta kigunia kizima, eti cha akiba. Filomena naye kakuta cha kwao darini. Tumevichanganya, tunatengeneza achari ya harusi. Ila najiuliza, kaka, hao wakubwa wenye mabomu, chini ya vitanda vyao hufagia nani?