Kusubiri Uholanzi Huku Endasak

Dada Anna, shikamoo, kutoka kwenye ukungu na makande ya moto.

Baada ya kuzuiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya korona nisiende Uholanzi kwa binti yangu Neema, nimekuja kusubiri huku kijijini kwa rafiki yetu Mama Paulo. Amenipa kikombe changu peke yangu na kigoda, nje ya mlango, nisije nikawaambukiza, akaniambia:

"Baba Neema, usinune. Sisi Wairaqw tunatenga watu waliopatwa na mkosi tangu zamani. Wazee wakisema basi, unaingia. Hiyo safari yako, wa kusema basi ni nani?"

Jana Waholanzi wamefungua mipaka, leo wamefunga, na cheti changu cha korona kimekwisha muda nikiwa bado nasoma masharti.

Mwambie Neema ambatizishe mtoto, asinisubiri. Ila amfundishe kusema "babu" mapema, nisije nikafika nikaitwa mgeni.

Nawakumbuka wote,
Mdogo wako