Aliyenyoosha Kidole

Anuradhapura, 3 Juni

Kaka Muzammil,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila nyayo zimeungua. Mawe ya huku tunayakanyaga peku na jua halina huruma. Baba anaendeleaje? Mikono bado inamuuma?

Vijana tuko arobaini: Wabudha, Wahindu, Wakristo, na Waislamu sita. Tunazuru pamoja mahali patakatifu pa Wabudha ili tujuane. Basi nimejuana. Nuwantha yumo! Yule aliyelitangulia kundi akanyoosha kidole kwenye duka la Baba: "Hili la Waislamu, chomeni!" Miaka mitatu sasa tangu Baba aungue mikono humo. Hanijui, siku ile nilikuwa ndani ya nyumba, namchungulia dirishani. Leo chini ya Mti wa Bodhi, mti wao mtakatifu, kanigawia maua ya kutoa: "Chukua, dada, usione haya." Nimeyachukua. Moyoni nilikuwa namnyonga.

Dada yako,
Shifana

Nyumbani, 4 Juni

Shifana mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Tu wazima. Baba hajambo kiasi. Bado namlisha kwa kijiko. Sijamwambia kitu.

Na wewe, umekwenda huko kupokea maua? Nataka jina la kijiji alikohamia, basi. Mchekee, mwulize kwao wapi. Binamu zetu wako tayari, na petroli hata sisi tunajua inakouzwa.

Kaka yako,
Muzammil

Mihintale, 9 Juni

Kaka,

Salaam nyingi, na samahani kwa kimya. Kwao nilipajua siku ya pili tu. Nyumba ya udongo, anaishi na bibi yake asiyeona. Sikukuandikia kwa sababu nakujua.

Jana alasiri tulikaa kwenye ngazi za mlimani, kila mtu aseme kilichomleta. Nikasimama. Nikataja jina la Baba, duka, tarehe. Kisha nikanyoosha kidole changu. "Huyu."

Akacheka. "Dada, umenifananisha."

"Baba yangu alikushonea sare ya shule bure ulipofiwa na mama yako. Nikufananishe na nani?"

Cheko likamkauka. Rafiki zake wakasogea kando mmoja mmoja, akabaki peke yake kwenye ngazi. Nilifurahi, kaka. Wallahi nilifurahi, nikala wali sahani mbili.

Leo asubuhi kanifuata. "Unataka nifanye nini?"

"Uende kwetu Jumapili, saa nne, mchana peupe. Ukamwambie Baba ulichofanya."

Kijiji sikutajii. Mkimchoma, yeye ndiye atakayeonekana kaonewa, na huo utamu simpi. Sisi tunaendelea Polonnaruwa. Kaa karibu na Baba.

Dada yako,
Shifana

Nyumbani, Jumapili, 12 Juni

Shifana,

Salaam. Baba mzima. Kijana alikuja, peke yake. Binamu walikuwa chumba cha pili, sikuwaambia waondoke.

Alisema yote, amesimama. Baba akamwacha mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha vidole vilivyogandana, akasema, "Shati langu liko wazi. Nifunge vifungo."

Vifungo saba. Akaanza na cha juu. Kufika cha tatu akaanza kulia, na Baba hakumwambia nyamaza.

"Umenisamehe, mzee?"

"Hapana," Baba akasema. "Na kesho saa moja nitavaa shati jingine."

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango atoke. Nimemwambia kuna basi la alfajiri, na asithubutu kuchelewa.

Kaka yako,
Muzammil