Uji Mtamu wa Baba Yako

Mjukuu wangu mkaidi,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Kuku wako mweupe nimemchinja, alikuwa anakula mayai yake mwenyewe.

Baba yako alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa anaezeka, sasa mwezi wa pili. Aliniambia nikuandikie kwamba ameteguka mguu, ili usiache masomo. Mimi siandiki uongo. Ameumia uti wa mgongo, na miguu haisikii kitu.

Daktari, kijana mwenye maneno mengi, alinieleza kwamba mishipa ya fahamu iliyoumia imeishiwa nguvu. Inashindwa kuunguza sukari, uchachu unajaa humo ndani, na mishipa ya jirani nayo inakufa polepole. Mimi nikashika neno sukari. Nikamkorogea uji mtamu, vikombe vitano kwa siku. Wiki ya tatu sukari ya damu ikapanda, na kidonda cha mgongoni, alichokipata kwa kulala tu, kikakataa kupona.

"Bibi, umempa nini huyu?"

"Nimempa alichokosa."

"Sukari anayo, bibi. Mishipa ndiyo imeshindwa kuitumia."

Basi nimeacha. Radhi sikuomba, ila kidonda kimeanza kufunga. Kuhusu kutembea, daktari anasema tusitegemee.

Jana baba yako aliniuliza kama umejibu ile barua. Nikamwambia sijaiandika. Maji yalipochemka akasema, "Basi mwambie aje, mama."

Njoo. Ukitaka kulia, utalilia jikoni kwangu, si mbele yake.

Ni mimi bibi yako, mama wa huyo mwongo.