Kamba ya Mzee Siprian

Chanji, Sumbawanga
Jumapili mchana

Kaka Deo,

Shikamoo yako utaikuta huko chini. Leo nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua. Kwa hiyo naanza na hili ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: huku mjini nimesema sina kaka.

Sio kwamba niliulizwa ghafla nikateleza. Ilianza shuleni, tulipoambiwa tuandike insha ya Kiingereza kuhusu nyumbani kwetu. Nikaandika kwamba tuko wawili tu, mimi na Mama. Kwa Kiingereza haikuniuma, ilikuwa kama anasema mtu mwingine. Insha ikasomwa darasani, wenzangu wakanionea huruma, na mimi nikaona raha kidogo. Halafu Dada Tumaini, huyu dada wa Mbeya ninayekaa kwake, akaniuliza jikoni tukimenya viazi, "Skola, kwenu mmezaliwa wangapi?" Nikamjibu kwa Kiswahili, "Niko peke yangu, dada." Hapo iliniuma, lakini nilikuwa nimeshasema.

Sasa shikamoo, kaka. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na ile redio ya mwalimu, uliifufua? Huku upepo unavuma mpaka mabati yanalia, na najua huko Msanzi ndio zaidi. Nakuona umekaa mlangoni juu ya gunia, umevaa koti la Baba, bisibisi mkononi, vidole vimekufa ganzi na hutaki kuingia ndani kwa sababu ndani hakuna mwanga. Mimi mwili haujambo. Nakula, nasoma, mtoto wa Dada Tumaini ameanza kuongea na ananiita Kola.

Utajiuliza kwa nini nilisema vile. Unakumbuka siku naondoka? Ulisema siku ukipata baiskeli ya kuendesha kwa mikono utakuja mpaka getini shuleni kwetu, uniite kwa sauti mpaka mwalimu mkuu atoke. Ukacheka, Mama akacheka. Mimi tangu siku ile nikawa naliogopa geti. Nilikuwa nawaona wasichana wa darasa letu wamesimama, na wewe unakuja, na miguu yako. Ndivyo nilivyofikiri, kaka. Sitaki kupamba maneno.

Na ubaya wake ni kwamba ninakokaa ndiko mambo hayo yanakofanyiwa kazi. Dada Tumaini yuko kwenye ofisi inayowatafutia watu wenye ulemavu vitu vya kuwawezesha kujitegemea. Magongo, fimbo nyeupe, hizo baiskeli za mikono, mtu wa kumfundisha asiyeona kupika bila kuungua. Wazee wengi wanaotoka vijijini wanajieleza vizuri kwa Kifipa, na Dada Tumaini Kifipa chake ni kusalimia tu, akijaribu zaidi wanacheka. Kwa hiyo Jumamosi nakaa pale natafsiri. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni hiki: "Muulize mwenyewe. Usimuulize aliyemleta."

Jumamosi iliyotangulia hii ya jana alikuja Mzee Siprian kutoka Mollo. Haoni. Alikuja na mkwe wake, mke wa mwanawe, anaitwa Mama Eliza. Unajua mambo ya mkwe yalivyo kwetu, hawezi kumshika mkono baba mkwe. Basi wametafuta kijiti kirefu, yeye anashika ncha hii, mzee anashika ile, ndivyo wanavyotembea. Walipofika Mama Eliza akapiga magoti karibu na mlango na kugeuza uso ukutani.

Dada Tumaini akasema, "Muulize, pale nyumbani kwake anataka kitu gani kwanza?"

Mzee akanijibu taratibu. Anataka kamba ifungwe kutoka mlangoni kwake mpaka chooni. Tangu mkewe afariki, anayempeleka ni mkwe, na mkwe hawezi kusimama nje ya choo akimsubiri baba mkwe. Anamfikisha halafu anakimbilia nyuma ya ghala. Mzee akimaliza anaita, na Mama Eliza anaona aibu kuitika. Kwa hiyo siku hizi mzee ameacha kunywa maji, ili asimsumbue.

Mama Eliza akavuta kanga akafunika uso wote. Kwenye benchi walikuwepo wanaume wawili wanasubiri zamu yao. Kaka, mimi nilianza kusikia joto masikioni. Nianze kutangaza habari za choo cha mtu mzima kama babu yangu, mbele ya wale wanaume, kwa sauti? Nikasema, "Anaomba unga."

"Unga tu?"

"Unga tu, dada."

Wakamtafutia unga. Mzee akapiga makofi polepole kushukuru, naamini alidhani kamba inafuata. Nami nikajiambia nimemlindia heshima yake.

Jana wakarudi. Mzee ana kidonda kwenye paji la uso, kimepakwa dawa ya rangi. Alikuwa amejaribu kwenda mwenyewe, akaangukia kwenye mtaro. Safari hii hakunisubiri niulize. Akasema kwa Kiswahili, "Binti yupo yule?"

"Nipo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nilikuomba kamba, ukanipa unga. Mahindi ninayo, nalimiwa na wanangu. Kamba iko wapi?"

Dada Tumaini akanigeukia. "Alisema kamba?"

"Ndiyo, dada."

"Kamba ya nini?"

Nikasema. Nilisema nikiangalia sakafu, lakini nilisema yote, choo, mkwe, ghala na maji. Pale kwenye benchi walikuwepo watu pia, na hakuna aliyeinua hata kichwa. Mmoja alikuwa anakula karanga, akaendelea na karanga zake. Mzee Siprian ndiye aliyecheka. "Kumbe na huyu ananionea aibu," alisema. "Basi tumekuwa watatu. Mimi, mkwe, na mkalimani."

Mama Eliza akacheka kule ukutani. Dada Tumaini hakucheka, ila hakunigombeza pia. Angenigombeza ningepumua. Akatoka nje kuongea na kijana wa bodaboda mwenye kamba nyingi za kufungia mizigo, akaja nayo moja ndefu, tukaondoka nao kwenda Mollo.

Tulichimbia nguzo, tukafunga. Mzee alitaka fundo katikati, ajue amefika nusu, na fundo kubwa karibu na mlango wa choo. Halafu akasema tukae mbali, wote, hasa mkalimani. Akaenda. Mkono mmoja kwenye kamba, mwingine mfukoni, kama mtu anayekwenda kuangalia ng'ombe wake. Akakaa huko muda mrefu wa makusudi. Alipotoka akaita, "Mama Eliza, niletee maji ya kunywa." Akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

Hapo ndipo uliponijia akilini wewe, kaka. Nimekua nikijua kwamba Deo hapendi chai. Asubuhi Mama anamimina vikombe vitatu, wewe unasukuma chako kwangu, unasema, "Kunywa, mimi chai hainipendi." Nami nakunywa viwili, tena nafurahi. Halafu Mama anakubeba mgongoni kukupeleka chooni mara moja tu, kabla hajaenda shamba, na huendi tena mpaka jioni. Sikuwahi kuviweka vitu hivi viwili pamoja. Mpaka jana, Mollo, kwa mtu ambaye si ndugu yangu.

Sasa sikiliza kilichonifanya nisilale vizuri na kuandika leo. Tukiwa tunarudi Dada Tumaini akasema wiki hii wanakwenda Matai kupima watu kwa ajili ya viti na baiskeli za mikono. Kiti hutengenezwa kufuata mwili wa mtu, asiyepimwa hatengenezewi. Akaniuliza, "Huko kwenu Msanzi hakuna mtu?"

Nilikuwa na udongo wa nguzo za mzee bado kwenye kucha. Nikasema, "Hakuna, dada."

Ndilo hilo. Lile la insha nilikuwa mjinga. Hili la jana nilikuwa najua.

Leo akirudi kutoka kanisani nitamwambia upo, jina lako, unakaa wapi, na kwamba mimi ni mwongo. Lakini sitamwomba kitu chochote kwa niaba yako. Nimeshaona ninavyoomba. Kama unataka baiskeli, kama unataka mtu wa kujenga choo cha karibu chenye mahali pa kushika, au kama hutaki lolote na hasa hutaki kuniona, useme mwenyewe. Barua hii nampa yule mama wa dagaa, anapita Msanzi kesho. Simu ya Mama najua inaongea mpaka kwa jirani, ndiyo maana nimeandika. Lakini wewe ukitaka kujibu, piga hiyo hiyo, na majirani wasikie. Na ukija siku moja mpaka getini, niite.

Jambo moja tu nakuomba unijibu hata kama mengine umekasirika: ni kweli chai huipendi?

Nisalimie Mama, mwambie asibebe ndoo mbili, na haya msomee yote, usiruke. Nisalimie Bibi mzaa Baba, na mwalimu mwenye redio, na yule mtoto wa jirani anayekuokotea skrubu zikidondoka.

Nasikia kandambili za Dada Tumaini uani, anamwambia mtoto avue viatu. Kila siku nikisikia hivyo nafunika ninachokuandikia kwa kitabu cha Baiolojia. Anakuja huku. Kitabu nimekiweka chini, na barua iko mezani, jina lako juu kabisa.

Mdogo wako,
Skola