Dole Gumba la Baba na Diski Iliyojaa

Bweni, Mafia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na baridi ya Njombe haikuzuii kwenda kwaya. Mimi ni mzima, ila jua limenibadili rangi. Najua dada Tumaini atakusomea barua hii mbele ya majirani, basi naanza na aibu yangu mwenyewe, asipate raha ya kuigundua.

Kompyuta yangu ndiyo inayotunza alama za shule nzima, maana ile ya shule ilikufa. Wiki iliyopita ikajaa pomoni. Programu ya alama ikawa inafunguka, inasitasita, inajifunga. Mkuu wa shule akaja kuchungulia, akakuta zinazokula nafasi ni video za marehemu Baba. Akafungua moja. Unazijua, Mama: tangu tumnunulie ile simu, Baba hakuwahi kurekodi bila kuziba kamera. Dakika ishirini za dole gumba, na sauti yake ikimfokea mbuzi. Mkuu akaniambia nifute hayo madole, alama zifike wilayani Ijumaa.

Nilikataa. Ningeweza kuzihamishia video diski D, ambayo ilikuwa tupu, lakini sikuwa na nakala nyingine, nikaogopa kuzigusa. Programu ikipotea njiani itapatikana nyingine, Baba hapatikani. Basi zihame programu. Nikazikata kutoka diski C, ile iliyojaa, nikazibandika D, kwa fahari ya mtu asiyejua anachofanya. Nafasi ikapatikana tele, na hakuna programu hata moja iliyofunguka. Nikibofya, kompyuta inakwenda kuitafuta kwenye makazi ya zamani, inakuta patupu, inarudi kunilalamikia.

Alhamisi ilinibidi nimpigie fundi wa Kilindoni, na siku hiyo mtandao ulishika mahali pamoja tu: barazani kwa Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu wa zamani. Sikuwa nimekanyaga pale tangu nihame. Shikamoo yangu aliiitikia marahaba ya mdomoni tu, akaendelea kuchambua mchele. Fundi alicheka kwanza. Kisha akanieleza kwamba programu haibebwi kama godoro. Nizirudishe C, niziondoe kwa utaratibu wake, halafu niziweke upya na kuzichagulia D, ili kompyuta nzima ijue zimehamia wapi.

Bi Mwanahawa alikuwa anasikia yote. Hakuinua uso.

"Ndivyo ulivyonifanya mimi, mwanangu," akasema. "Ulibeba godoro ukenda zako. Mimi hukuniaga, mjumbe hukumwambia. Watu wanakuja kukuulizia hapa, nawajibu sijui."

Akaingia ndani, akatoka na kifurushi chako, Mama, kile ulichoninunia kwamba sikushukuru. Maharage yalikuwa salama, pamoja na sweta. Kilikaa kwake mwezi mzima kikinisubiri. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikamwomba radhi palepale.

Programu nikazirudisha, nikaziondoa kwa adabu, nikaziweka upya D. Alama zilifika Ijumaa asubuhi. Jioni nilirudi kwa Bi Mwanahawa na kompyuta, maana alitaka kumwona huyo aliyeniponza kwa mkuu. Dole likajaa kwenye skrini. Baba akauliza, kama kawaida yake, "Neema, hivi hii inarekodi kweli?"

Bi Mwanahawa akasogeza uso karibu. "Inarekodi, baba. Sema."

Tulicheka sana, kisha nikalia, nisikufiche.

Nisalimie shangazi wa kwaya, mjomba fundi cherehani, na yule mbuzi kama bado yupo. Vifurushi tuma kwa Bi Mwanahawa vilevile, nimeahidi kupita kila Ijumaa. Sweta usitume tena, Mama, huku hata shuka ni mzigo.

Ndani ya bahasha mna flashi. Ni Baba, madole yote. Mwekeni sebuleni, na akiuliza, mjibuni.

Mwanao, anayehama siku hizi kwa kuaga,
Neema