Mitaa Yote Naijua, Kaburi la Mama Silijui

Kwa Mzee Mughwai,
Mungaa,
Singida.
22 Agosti, 1995

Mpendwa mdogo wangu Peniel,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. U mzima? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimekuachia? Na huyo Faith wako tunayemsikia kwa jina tu, hajambo? Sisi huku tupo. Yasinta shemeji yako hajambo, watoto wanakohoa kwa vumbi la kiangazi lakini wanacheza. Dada Cecilia alifika Jumamosi kutoka Issuna, akakaa siku mbili, akagombana na kila mtu, akaondoka. Uwele mwaka huu umetoka kidogo, alizeti ndiyo imebeba. Habari za Baba ziko huko chini, na usiruke mistari kuzifuata. Nimeziweka huko kwa sababu.

Barua yako niliipata Jumatano. Hii nampa Gasto, yule wa kuku, anapanda basi kesho pale Issuna na matenga yake. Nimemwambia asimwachie mtu mwingine, akukabidhi mkononi hapo Manzese. Usimnunulie bia kabla hajakupa, unamjua alivyo.

Umeniuliza mambo mawili. Nitaanza na lile jepesi, la mtaa gani uhamie ukishamwoa Faith, maana lile la pili moyo wangu unalikimbia. Unasema mimi ndiye mtu wa kuulizwa kwa kuwa nilisoma mita za maji Dar es Salaam miaka ishirini na moja. Ni kweli. Hakuna ua wa mji ule ambao sijauchungulia, hakuna mbwa asiyenijua suruali. Haya, sikiliza.

Manzese uliko, toka. Sisemi watu wake ni wabaya. Wezi wa Manzese wana adabu, mmoja alikuwa ananiita mzee na kunibebea kitabu nikivuka mfereji. Lakini pale huwezi kulea mtoto. Video mchana, video usiku, na mitumba mpaka mlangoni kwa watu. Mtaa mzima nilikuwa na mita tatu zinazofanya kazi, na mojawapo ilikuwa ya kilabu.

Kariakoo usipafikirie kabisa. Nilipoanza kazi Mtaa wa Kongo ulikuwa mtaa, unapita na baiskeli yako, unasalimiana na wazee wamekaa barazani. Tangu tuambiwe ruksa kila kitu, unakanyaga viatu vya kuuzwa, unaruka sufuria, unaomba radhi. Mwezi wangu wa mwisho kazini ilibidi nimsihi muuza vyandarua ahamishe bidhaa zake niione mita ya mwenye nyumba. Akaniuliza mita ni ya nani na mimi ni nani. Nikamwonyesha kitambulisho, akacheka. Wiki mbili baadaye kitambulisho chenyewe kikachukuliwa, tukapunguzwa watu themanini na sita kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Kwa hiyo alicheka mapema tu.

Magomeni ni pazuri kwa majirani. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa sibebi chakula, nilijua nitapata futari kwa bibi mmoja wa Mapipa aliyekuwa ananiita mjukuu wake ingawa mimi Mkristo. Ila maji ya Msimbazi yakija, yanakuja na godoro la jirani. Wenye nyumba wa pale nao wana sheria nyingi: usikaange dagaa, usianike nguo Ijumaa, wageni mwisho saa mbili. Wewe na mdomo wako huo mtafukuzana mwezi wa kwanza.

Oysterbay si kwetu, naitaja tu ili ukasirike pamoja nami. Kule mita inazunguka mchana kutwa, majani yanamwagiliwa, ndiyo, majani ya kukanyaga. Mlinzi wa getini mara nyingi ni mtu wa kwetu au Mgogo, ananiuliza mvua zimenyesha huko nyumbani? Mbwa wanakula nyama kila siku. Nikitoka pale nashuka Buguruni, naandika namba ileile niliyoandika mwezi uliopita na mwezi wa juzi, maana bomba ni kavu, mita imelala. Nimefanya hivyo miaka ishirini na moja na sikumwambia mtu kuwa inaniuma. Sasa nakwambia wewe.

Sinza vijana wote mnaitaka. Kila nyumba ya tatu baa, ya nne saluni, ya tano kanisa la maspika. Nilipopita kuaga niliwakuta wenzangu tuliopunguzwa pamoja. Walikimbilia kujenga na kiinua mgongo chao. Wamefika usawa wa dirisha wakaishiwa, sasa wanauza mkaa ndani ya kuta hizo. Mmoja aliniita nikanywe soda, nikaogopa kuingia. Ningemwambia nini?

Kwa ushauri wangu tafuta Temeke. Haina sifa, viwanda vyake vinafungwa kimoja kimoja na vijana wanashinda vijiweni, lakini watu wa pale wanajuana. Ukifiwa Temeke, mikeka imetandikwa kabla hujamaliza kulia. Kwa mtu asiye na ukoo mjini hilo ni jambo kubwa kuliko maji na umeme.

Buguruni siwezi kukwambia uende wala usiende. Umeshaona nilivyoizunguka ukurasa mzima. Haya, nimefika.

Mwaka 1979 wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilimchukua Mama mwezi wa pili nikamleta Dar kwa matibabu ya hospitali kubwa, nikamweka chumbani kwangu Buguruni. Mwezi wa kumi akafariki. Haya unayajua. Usiyoyajua ni jinsi tulivyomzika. Magari yalikuwa yametoka vitani Uganda, mengi mabovu, petroli hakuna. Kwenye treni walitaka jeneza lenye bati ndani, na bati mji mzima lilikuwa halipatikani. Siku ya tatu majirani wakaniambia, bwana, tumzike. Tukambeba majirani watano na wasoma mita wawili, tukavuka reli, tukaenda kwenye yale makaburi ya watu wasio na wenyewe. Mchungaji alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na miwili na sikuwahi kuzika mtu.

Nilipokuja nyumbani Desemba niliwaambia wote, Baba akiwepo, kwamba nimeweka alama ya kudumu. Mkaelewa saruji. Nikaona mmeelewa saruji, nikanyamaza.

Peniel, haikuwa saruji. Wakati ule mfuko wa saruji ulikuwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kwa wakubwa. Nilikata tawi la mnyaa, ule mti wa utomvu, kwenye ua wa jirani nikalichomeka kichwani kwa Mama, kama tunavyofanya huku kwetu. Nani huku anayethubutu kung'oa mnyaa wa mtu? Mpaka wa shamba la babu yetu ni minyaa ileile tangu enzi za Mjerumani. Nilijua utaota, na ulipoota nilifurahi, nikasema basi, hata nikifa huu utakuwepo. Akili ya Mungaa niliipeleka mjini kama ilivyo. Sikufikiri kuwa mtu wa mjini akiuona mnyaa haoni alama, anaona ua wa bure.

Sasa unaniandikia kwamba ulikwenda pale makaburini ng'ambo ya reli, ukakuta gereji, ukakuta baa, ukakuta makontena, na kila kimoja kimezungushiwa minyaa mirefu kuliko wewe. Mama mmoja anayekaanga samaki akakuuliza unatafuta kiwanja. Na mwisho wa barua ukaniuliza, "Kaka, ni mnyaa upi?"

Swali hilo nimelisoma nikatoka nje. Sijui, mdogo wangu. Mwaka wa kwanza nilikwenda mara mbili, mwaka wa pili mara moja. Baadaye nikawa nasema Jumapili ijayo. Pale hapakuwa na mita, kwa hiyo kazi haikunipeleka, na mimi mahali ambapo kazi haikunipeleka sikwenda. Mpaka leo niamshe usingizini nikutajie mita ya kila nyumba Ilala nzima iko upande gani wa mlango. Mahali alipolala mama yangu sipajui. Na siku hizi saruji imejaa kila duka, hata hapa Issuna imepangwa mpaka juu, mtu ananunua bila kumwomba yeyote. Hakuna pa kuiweka.

Nakuja kwa Baba. Tangu Juni ugali haupiti, ni uji tu. Amekonda mpaka nikimwinua naogopa. Hataki hospitali. Alichotaka unakijua, ndicho kilichokupeleka huko: udongo kidogo wa kaburi la Mama, awekewe na yeye siku yake ikifika. Kila jioni alikuwa anauliza, Peniel ameandika? Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku nne mfukoni, namwambia bado.

Yasinta ndiye aliyeniambia nikuandikie uchote udongo wowote, popote, ufunge kwenye mfuko, Gasto aje nao. Mchanga wa mjini ni mmoja, alisema, na mzee haoni vizuri. Usimchukie, anamhurumia Baba kuliko sisi sote. Niliandika barua hiyo. Nilishakuelekeza hata pa kuchota. Halafu nikafikiria ninautia udongo wa gereji kwenye jeneza la baba yangu, na watu wanaimba, na mimi nimesimama pale nikijua. Nikaichana.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia yote. Sikubakiza hata lile la kuwaacha muelewe saruji. Cecilia alikuwepo, alilia, akanitukana matusi ambayo sikujua anayajua.  Nilitegemea Baba anilaani. Ningeshukuru.

Akaomba maji, akanywa kidogo. Halafu akaniuliza. Tangu nirudi, hii miaka miwili, jioni tukipukuchua mahindi nimekuwa nikimsimulia mitaa ile, huyu mwenye mbwa, yule bibi wa Mapipa, na yeye anacheka mpaka anashika mbavu. Anayajua majina yote kama aliwahi kuishi huko. Akasema, "Katika mitaa yote hiyo unayonisimulia, mama yenu yeye aliupenda upi?"

Peniel, angeupenda upi? Miezi minane Mama alikaa Dar es Salaam akaona njia ya hospitali na chumba cha Buguruni. Asubuhi nilichukua kitabu changu nikaenda kuzunguka nyumba za watu, jioni nikarudi nimechoka. Alikuwa na siku nzuri, hakuwa mtu wa kulala tu kitandani. Aliniomba siku moja nimchukue kazini nimwonyeshe hiyo mita, alitaka kuona ni dude gani linalohesabu maji. Nikacheka. Nikamwambia Jumapili. Sikumtembeza hata mtaa mmoja.

Nilimwambia Baba hivyo hivyo. Akasema, "Haya." Akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo haniulizi tena kama umeandika. Uji nikimpelekea mimi anafumba mdomo. Si kwa hasira, hata hanitazami vibaya, anafumba tu. Anaupokea kwa Yasinta, na leo hata kwake ameupokea vijiko vitatu tu. Nimekaa nje ya mlango na bakuli nikisikiliza kama amemeza.

Usiende tena ng'ambo ya reli. Usiwaulize wale watu, usichote kitu, usinunue kitu. Panda basi uje. Wewe ulikuwa mtoto, huna kosa mbele yake, labda mkononi kwako atakula. Kama utamkuta.

Nisalimie Faith, mwambie shemeji yake anaomba radhi kumkaribisha kwenye ukoo kwa habari kama hizi. Wasalimie watu wa kwetu wote mnaokutana nao ibadani. Yasinta anakusalimu, watoto wanakusalimu, na Cecilia, ambaye kwa sasa hasemi na mimi, alisema akiondoka kwamba wewe usalimiwe. Mungu akulinde njiani na akufikishe kabla siku ya Baba haijafika.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na ambaye sina uso wa kukutazama,

Philipo