Mashua Bado Inanata

Mama Jaliah,

Nimetoka kwenda Mbale. Chai iko kwenye chupa. Fungia kuku, wasifike kwenye mashua hapo uani.

Jelikoti, ile rangi ngumu niliyopaka jana kwenye nyufa na pale palipopauka kwa jua, bado inanata. Kosa ni langu. Nilisahau kuchanganya nta kwenye mpako wa mwisho, na bila nta haikauki juu. Ndiyo maana nilipotoka kuswali alfajiri na kukuta alama za mikono ukingoni mwa mashua, nilimfokea Jaliah mpaka akalia. Mwambie baba yake amekosa.

Kulipopambazuka niliziangalia tena. Viganja viko nje, vidole vimeingia ndani, kama mtu anayejivuta kupanda kutoka majini. Ni mikono ya mtu mzima. Wa kushoto hauna kidole cha mwisho.

Unajua ni nani aliyekatwa kidole hicho na injini. Kaka yangu Mugweri alianguka mtoni kutoka kwenye mashua hii hii, na mpaka leo mto haujaturudishia mwili. Naenda Nkoma, huko huko Mbale, kumleta mjane wake, Nandutu, azione yeye mwenyewe.

~~Tukishaziona nitazisugua kwa msasa.~~ Hapana, sitazigusa.

Mvua ikija, ~~funika mashua yote~~ funika mashua kwa turubai, ila ukingo ule uache wazi. Asije akakosa pa kushika.

Baba Jaliah